Ukoko Uliokatazwa

Sahani ya chipsi mayai iliwekwa mezani ikiwa bado inafuka mvuke. Ladislaus, mwendesha winchi wa Kihonda, baba wa watoto watatu na mgonjwa wa shinikizo la damu, aliitazama, na koo lake likapanda na kushuka. Nyuma ya kioo wageni wa Taasisi ya Afya Tulivu walikaa kimya. Ukutani ilionekana picha ya ubongo wake, na katikati ya picha hiyo kidoa kidogo kama njugu kilikuwa kinawaka chekundu.

“Unaitaka?” aliuliza Fidea Mkude.

“Daktari, usinitanie,” alijibu Ladislaus. “Naitaka tangu jana.”

Fidea aligusa kitufe. Punje iliyopandikizwa nyuma ya sikio la mtu yule siku chache kabla iliamka. Kile chekundu ukutani kikafifia, kikawa rangi ya chungwa, kikawa kijivu, kikazimika. Haikuchukua muda wa kumeza mate. Ladislaus alipepesa macho, akaisogelea sahani, akainusa kwa bidii ya mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe, halafu akaegemea kiti.

“Naona viazi,” alisema. “Na mayai.”

Wageni wakapiga makofi. Fidea aliinamisha kichwa kushukuru. Makofi hayo alikuwa ameyasikia mara nyingi mno, na siku hizi yalimchosha kuliko kazi yenyewe.

Hicho ndicho kilikuwa kizimahamu, na jiji zima la Morogoro lilijengwa upya juu yake. Punje ndogo kama ya mchele hupandikizwa nyuma ya sikio. Ndani ya ngozi hutoa nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, zikatambaa mpaka mahali ambapo hamu huzaliwa. Hamu inapochomoza, nyuzi huigundua kabla mwenyewe hajajua kuwa anayo, na kuituliza. Mtu hateswi wala hakatazwi kitu. Anaacha tu kutaka. Mwanzoni kilitengenezwa kwa ajili ya walevi, baadaye kikaenda kwa wenye kisukari, na mwisho kikamfikia kila aliyekuwa na kijitabia anachokionea haya: mwenye kulamba maziwa ya kopo kwa kidole, mwenye kuongeza sukari mke akigeuka, mwenye kununua sambusa za watoto halafu akafika nyumbani na mfuko mtupu. Hospitali zilipungua wagonjwa. Watu walirefusha maisha, na ukiwauliza wanayafanyia nini walisema wako salama.

Katika miezi ya mwanzo nyuzi huwa laini na zinaweza kuondolewa. Zikikaa miaka hukauka, zikawa sehemu ya ubongo wenyewe. Jambo hilo halikumsumbua yeyote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kurudi kuomba zitolewe. Aliyezimwa hamu hana hata hamu ya kuomba. Fidea ndiye aliyekibuni kifaa hicho, na punje ya kwanza kabisa ilikuwa nyuma ya sikio lake mwenyewe. Hakutaka kumpa mtu kitu ambacho yeye hajakijaribu.

Wageni walipokwisha kutoka, Ladislaus alibaki akikunjua mikono ya shati lake taratibu.

“Daktari, nina swali la kijinga.”

“Uliza.”

“Mimi jioni nikitoka kwenye winchi nilikuwa napitia kibanda kimoja nyuma ya gereji. Nakula chipsi nimesimama, nafuta mdomo, natafuna limau, naenda nyumbani kula mchicha wa mke wangu. Sasa nitakuwa napitia wapi?”

“Utakwenda nyumbani moja kwa moja.”

“Nyumbani nitafika tu, hilo najua. Nauliza kabla ya kufika.”

Fidea alitabasamu kwa adabu, kwa kuwa alidhani ni mzaha. Akamwambia arudi baada ya wiki moja kupimwa, akachukua mkoba wake, akaenda kupanda behewa la angani kuelekea Bigwa, kwa mama yake.

Mama yake, Koleta, alikuwa anakufa. Hilo lilikuwa jambo gumu kulieleza kwa mtu, kwa sababu vipimo vyote vilikuwa vizuri.

Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, mwanamke mnene mwenye mdomo, ambaye sukari na shinikizo la damu vilimkuta akiwa hana mpango wowote wa kutii. Siku alipozirai kwenye ngazi za kanisa, miezi michache iliyopita, Fidea alimpandikiza punje kwa mikono yake mwenyewe. Koleta hakubisha. Alisema tu kwamba amechoka kugombezwa. Sukari ikashuka, damu ikatulia, na kila mtu akampongeza Fidea. Kisha mama akaanza kuacha kula. Aliacha ukoko kwanza, ambao ndio ulikuwa maradhi yake hasa, akaacha chai, akaacha wali, akaacha mboga, na mwisho akawa anakaa dirishani akiitazama milima ya Uluguru kana kwamba ni tangazo la mtu mwingine.

“Shikamoo mama,” alisema Fidea alipoingia.

“Marahaba. Umechoka.”

“Wewe umekula?”

Jibu likatoka darini. Kila nyumba ya jiji ilikuwa na mtunza, mashine yenye mikono miwili mirefu iliyoning'inia kwenye reli, ambayo ilipika, ilifua, ilipima damu na kuzungumza kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

“Mama Koleta amekula vijiko viwili vya uji,” alisema mtunza. “Uzito umepungua tena. Viungo vyote vinafanya kazi. Hakuna hitilafu. Daktari wa mtaa ameagiza kwamba, hali ikiendelea hivi hadi Jumatatu, ahamishiwe Nyumba ya Mirija.”

Fidea aliifahamu Nyumba ya Mirija. Lilikuwa jengo safi lenye maua, ambamo watu wasiokula walilishwa kwa mirija wakiwa wamelala safu kwa safu, afya njema, macho yakiwa wazi. Waliopelekwa huko hawakurudi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

“Mama, unataka kwenda huko?”

“Sina ninapotaka kwenda,” alisema Koleta. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama anayejibu kuwa hana chenji, na hilo ndilo lililomuumiza Fidea.

Jioni ileile alifanya jambo ambalo hakuna mhandisi wa taasisi aliyewahi kulifanya. Alikiweka kidhibiti chake cha mkononi nyuma ya sikio la mama yake na kuiamuru punje ijizime, kisha akaziyeyusha nyuzi zake moja moja, kazi ya saa nzima, huku Koleta amesinzia kitini. Alipomaliza alikishika kile kidhibiti kwa muda. Halafu akakiweka nyuma ya sikio lake pia na kuizima punje yake, asije akamwacha mama peke yake huko anakokwenda. Hakusikia tofauti yoyote. Alijiambia kwamba ni uchovu.

Siku ya pili picha ya ubongo wa Koleta ilionyesha kwamba njia imefunguka. Hamu ingeweza kupita tena, kama ingekuwepo ya kupita. Fidea akaamua kuiita kwa kile alichojua kuwa mama yake alikipenda kuliko vyote duniani, pengine kuliko hata marehemu baba. Alimwamuru mtunza atengeneze ukoko.

Mtunza hakuwahi kuunguza wali tangu aundwe, kwa hiyo ilimbidi akokotoe. Alitengeneza kitu cha duara, chenye rangi moja ya dhahabu kuanzia pembeni hadi katikati, chumvi imepimwa, tui limepimwa, akakiweka kwenye sahani nyeupe na kitambaa pembeni.

“Hiki nini?” aliuliza Koleta.

“Ukoko, mama. Umeruhusiwa. Daktari ameridhia, mtunza ameshapunguza chumvi na kurekebisha dawa zako. Kula, usiogope kitu.”

Koleta alivunja ncha, akaitia mdomoni, akatafuna kwa heshima. Akairudisha sahani katikati ya meza kwa kidole kimoja.

“Ahsante, mwanangu. Umekaa kama dawa.”

Fidea alitoka nje, kwenye baraza la ghorofa, kupumua. Alikuwa amechoka mwili na amechoka moyo, na juu ya yote alikuwa na hasira na ile sahani. Punje ilikuwa imezimwa, nyuzi zilikuwa zimetoka, ukoko ulikuwa mezani. Kwa hesabu zote za elimu yake mama alipaswa kuutaka. Mlango wa jirani ulikuwa wazi kama kawaida, akapiga hodi na kuingia humohumo katika hodi yake.

Bi Asumini, shoga wa mama yake wa miaka yote, alikuwa amekaa mkekani. Alipomwona Fidea mkono wake ulizama ndani ya pindo la kanga, mdomo ukaacha kutafuna, na uso ukawa wa mtu aliyekuwa anasali.

“Karibu, Fidea. Mbona unaingia kama askari?”

“Unakula nini, Bi Asumini?”

“Nile nini mimi na meno haya?”

Kwenye pembe ya mdomo wake palikuwa na vumbi la kijivu. Fidea alilijua vumbi lile tangu utoto: pemba, udongo wa kutafuna ambao wanawake wa pale waliununua kwa vipande na kuukana mbele ya waume zao. Uliharamishwa zamani.

“Una minyoo udongo huo.”

“Ndiyo maana namshukuru Mungu mwanangu Hafidhi hajui,” alisema Bi Asumini. “Ukimwambia, sikusemeshi mpaka tunazikana.” Na macho yake, ambayo Fidea aliyazoea yakiwa na ukungu wa uzee, yalikuwa yanameremeta. Aligeuza uso kidogo, akatoa kipande cha udongo pindoni, akaking'ata kwa siri ambayo haikuwa siri, kikalia katika meno, akafumba macho.

Fidea alimtazama. Huyu mwanamke alikataa kizimahamu mara zote alizoshauriwa. Kila alipoulizwa alijibu kwamba wakimzima hamu atabaki na magoti tu, nayo yanamuuma.

“Mama hali,” alisema Fidea. “Nimempa ukoko leo. Ameuacha mezani.”

“Mezani?”

“Ndiyo, kwenye sahani.”

Bi Asumini alifumbua macho. “Koleta ale ukoko mezani? Kwenye sahani? Na wewe umekaa unamwangalia?” Akacheka mpaka akakohoa vumbi. “Mwanangu, mama yako hajawahi kula ukoko mezani tangu nimjue. Alikuwa anaula jikoni, amesimama, mgongo mlangoni, sikio moja kwenye hatua zako. Ukiingia anafunika sufuria. Anakuambia nini vile?”

“Kwamba nikila ukoko, mvua itanyesha siku ya harusi yangu.”

“Enhe. Na ukaamini.”

“Nilikuwa mdogo, Bi Asumini.”

“Mpaka umekuwa mkubwa hukuugusa. Nakumbuka nilimwambia, Koleta, mtoto huyu mpe hata kidogo. Akasema, akishaonja tutagawana. Hebu niambie, harusi yako mvua ilinyesha?”

“Haikunyesha. Jua lilituchoma mpaka keki ikayeyuka.”

“Basi ndiyo hivyo. Ukoko wote aliumaliza yeye.”

Fidea alicheka, kisha akajikuta hacheki tena, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa limesimama mbele yake waziwazi. Taasisi ilipima wanga, ilipima chumvi, ilipima mwanga wa kidoa kile chekundu ukutani. Hakuna aliyepima hatua za mtoto zinazokaribia jikoni. Alikuwa amempa mama yake ukoko na kumnyang'anya kila kitu kilichouzunguka, na cha kwanza alichomnyang'anya ni yeye mwenyewe, Fidea, mtu wa kufichwa ukoko.

“Bi Asumini, lile jiko lako la koili bado lipo?”

“Lipo, lakini mtunza wenu ataniletea askari.”

“Mtunza nitamlaza.”

Alimlaza kweli. Alimwamuru ajizime mpaka atakapoitwa, na ile mikono miwili ikakunjwa darini. Fidea akalibeba jiko la Bi Asumini hadi jikoni kwa mama yake, akateremsha kutoka juu ya kabati sufuria yake ya zamani, nyeusi kitako, imebonyea upande mmoja. Alikuwa hajapika kwa mkono tangu ndoa yake ivunjike. Aliosha mchele, akatia tui la pakiti, akatia chumvi kwa kukisia, akafunika na kuacha. Wali ulipokauka hakupunguza moto. Harufu ya kuungua ilianza polepole na kujaa nyumba nzima. Dirishani, bega moja la Koleta lilisogea.

“Fidea, unaunguza.”

“Nimeshaunguza, mama.” Alipakua wali uliokuwa juu, akauleta mezani na mboga, akaiacha sufuria jikoni na ukoko wake umeganda chini, kahawia huku, mweusi kule. Kisha akashika kiuno. Ilibidi aitafute ile sauti, maana alikuwa hajaitumia muda mrefu. “Sasa nisikilize vizuri. Huo ukoko una chumvi, una mafuta, na sukari yako unaijua. Usiuguse. Nakwenda kuoga, nikitoka nautupa.”

“Mimi nina shida gani na ukoko?” alisema Koleta. Alisema kwa kuudhika, na Fidea hakuwahi kufurahia kuudhi mtu namna ile.

Aliingia bafuni, akafungua maji, akasimama kando yake na nguo zake zote mwilini, sikio mlangoni. Kwa muda palikuwa na maji tu. Alianza kuhesabu makosa yake, akayaacha. Kisha kiti kikalia. Nyayo zikaburura, zikasimama, zikaburura tena. Halafu kijiko kikagusa chuma, kikakwangua mara moja, kikatulia kusikiliza kama maji bado yanatiririka. Kijiko kikakwangua tena, kwa nguvu sasa, na baada yake ikaja sauti ya kitu kigumu kinachovunjika kati ya meno ya mtu mwenye haraka.

Fidea alikaa juu ya ndoo akalia, kwa uchovu zaidi kuliko furaha, huku maji yakimwagika bure.

Alipotaka kutoka alikohoa kwanza mlangoni, akagongagonga kitasa. Alimkuta mama yake kwenye kiti cha dirishani, mikono ndani ya kanga, mdomo unang'aa mafuta. Wali uliokuwa mezani ulikuwa umepungua pia.

“Sufuria mbona safi?”

“Nitajuaje mimi? Labda panya.”

“Panya, mama? Ghorofa ya ishirini?”

“Panya wa siku hizi wanapanda lifti.”

Waliendelea hivyo siku zilizofuata. Fidea alitoka kazini, akaunguza wali, akagomba, akaoga bila kuoga. Mara nyingine alitoka bafuni ghafla ili mama asizoee, na aliona kanga ikiruka. Mtunza, alipokuwa macho, alirekebisha dawa kimyakimya kwa amri ya Fidea, na Jumatatu daktari wa mtaa alipokuja Mama Koleta alikuwa ameongezeka uzito na alimuuliza daktari huyo kama mkewe anampikia, maana anamwona amekonda. Habari za Nyumba ya Mirija zikaishia hapo.

Jumanne Fidea alimpigia simu Ladislaus kabla hata siku yake ya kupimwa haijafika.

“Nyumbani unaendeleaje?”

“Nafika mapema,” alisema Ladislaus. “Nakaa. Mke wangu ananiuliza nina nini, namwambia sina kitu. Ni kweli, daktari, sina kitu.”

“Njoo kesho nikutoe hiyo punje, nyuzi bado ni laini. Dawa za presha tutazipanga upya.”

“Nitakuja,” alisema. “Ila usimwambie mke wangu.”

Fidea alipofika kwa mama yake jioni hiyo alikuta jiko la koili limeshawashwa na sufuria imeshaungua. Koleta alikuwa amesimama jikoni, mgongo mlangoni kama zamani, lakini safari hii hakufunika. Aligeuka, na kwenye kiganja chake palikuwa na kipande kikubwa cha ukoko, upande mmoja wa dhahabu, upande mmoja mweusi, kile cha kitako kabisa ambacho Fidea hakuwahi kupewa maishani.

“Nimekuwekea,” alisema.

“Na mvua je?”

“Mvua gani tena? Harusi yako ilipita, na mume akaenda zake.” Alimkabidhi. “Kula. Unadhani sijui unavyoacha maji yatiririke bure? Bili inakuja kwangu.”

Fidea alikaa kwenye stuli, akakitia kile kipande mdomoni, akatafuna. Kilikuwa na chumvi. Kilikuwa na mafuta ya nazi, na uchungu kidogo wa kuungua, na kilivunjika kwa sauti nzuri. Aliweza kukitaja kitu kimoja baada ya kingine, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Akameza. Kisha akangoja hamu ya kumwomba mama kipande kingine, akangoja kama mtu anavyongoja chafya iliyofika puani, na haikuja.

“Mtamu?” aliuliza Koleta.

“Mtamu sana, mama.”

Koleta hakumtazama usoni. Alitazama vidole vya mwanawe, ambavyo vilikuwa vimebaki na mafuta na chembe za ukoko, vimetulia juu ya goti.

“Mtu aliyeonja ukoko,” alisema polepole, “hulamba vidole.”

Fidea aliviangalia vidole vyake.

“Hicho kidude chako ulikiweka lini?”

“Kabla ya watu wote. Sikutaka kumpa mtu kitu ambacho mimi sijakijaribu.”

“Na kinatoka?”

“Chako kimetoka, mama. Vya watu wengi vitatoka, nikiwahi.”

Koleta alielewa ni kipi hakikutajwa. Alisogea, akachukua mkono wa binti yake, akaufuta kwa pindo la kanga, kidole kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akimfuta baada ya uji. Alichukua muda mrefu.

“Ningekupa,” alisema mwishowe. “Siku zile. Nilikuwa nasema nitakupa kesho, na kesho nausikia unanukia, naumaliza. Mimi mroho, mwanangu. Nisamehe.”

“Mama, hata mimi ningekunyima.”

“Ungeninyima,” alikubali Koleta, na hilo likamfariji kidogo. Alivuta pua, akaitazama sufuria. Ukoko mwingine ulikuwa bado umeng'ang'ania pembeni. “Sasa itakuwaje?”

“Sijui. Kesho nina watu wa kuwatoa punje, na wakubwa wa kunifukuza kazi. Leo nimechoka.”

“Basi wewe kazi yako hapa iwe moja. Kunikataza. Lakini nikataze kweli kweli, siyo hivyo unavyonikataza siku hizi, sauti legelege, mtu anajua kabisa unatania. Hivyo mimi hamu hainipandi.”

Fidea alimtazama mama yake, kanga imekaa vibaya, kijiko tayari mkononi, macho yameanza kumeremeta. Hakikuwapo kitu katika mwili wake wote kilichotaka ukoko ule. Aliinuka, akashika kiuno, akaikusanya sauti yote aliyobaki nayo.

“Mama. Weka chini hiyo sufuria.”

Koleta alishtuka vizuri kabisa, akageuza mgongo, na kuanza kukwangua.